Pedali ya freni inapiga-piga mu minibisi ya zamani: namna ya kujua ugonjwa uko wapi mbele ya kununua piyese

Noah yenye kujaa watu inatoka Bukavu, inapita Nyangezi, inaanza kushuka Ngomo. Ku kona ya kwanza freni inakamata vizuri. Ku kona ya tano, shoferi anasikia pedali inapiga-piga chini ya muguu wake, kama mutu anayegonga ku mulango toka upande wa pili. Volani inaanza kutetema. Gari inapunguza mwendo, lakini kwa kuchelewa. Shoferi anaendelea na safari, kwa sababu jioni boss anangojea versema.

Kesho yake ananunua plaketi mupya. Siku chache pedali inatulia, kisha inarudilia. Ananunua zingine. Hadithi hii inajulikana mu parking nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, na karibu kila mara pesa inapotea kwa njia moja: piyese inabadilishwa mbele ya kujua ni gurudumu gani iko na ugonjwa, na ni ugonjwa gani.

Pedali yenye kupiga-piga haisemi kama plaketi zimeisha. Inasema kama kuna kitu chenye kuzunguka ambacho hakizunguki sawa. Kazi ya kwanza ni kutafuta kitu hicho. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inahitaji paka kriki, kle, brosi ya chuma na saa moja ya uvumilivu.

Kupiga-piga ni nini, na si nini

Mu minibisi nyingi za zamani zinazotembea mu majimbo ya mashariki, kama Toyota HiAce na Noah za miaka ya 1990, mbele kuna freni za diski na nyuma kuna freni za tamburi. Diski ni sahani ya chuma yenye kuzunguka pamoja na gurudumu. Shoferi akikanyaga, etriye inasukuma plaketi mbili zinabana diski kwa pande zote mbili. Nyuma, garnitiri zinafunguka ndani ya tamburi na kusukuma ukuta wake.

Kati ya pedali na magurudumu kuna mafuta ya freni. Mafuta hayo hayabanwi: nguvu ya muguu inafika ku gurudumu, na kila kitu kinachotokea ku gurudumu kinaweza kurudia ku muguu. Kama diski ni nene upande mumoja na nyembamba upande mwingine, kila muzunguko plaketi zinasukumwa nje, kisha zinarudi ndani. Mafuta yanaenda na kurudi. Ndiyo ile pigo shoferi anasikia.

Kwa hiyo pigo la kweli linafuata mwendo wa gurudumu. Mupira wa minibisi unatembea karibu metre 2 kwa muzunguko mumoja. Ku mwendo wa kilometre 60 kwa saa, gurudumu inazunguka karibu mara 8 kwa segonde. Ku kilometre 15 kwa saa, karibu mara 2. Shoferi anayekanyaga polepole mpaka gari kusimama anapashwa kusikia mapigo yakipunguka pamoja na mwendo: kwanza ya haraka, kisha moja-moja, kisha hakuna.

Kuna mambo matatu ambayo watu wanachanganya na ugonjwa huu:

- Pedali inayozama. Ikiwa inashuka polepole wakati muguu umekaa juu yake, au inakuwa laini kama sifongo, ubaya uko mu mafuta, mu hewa iliyoingia, mu pompe ya freni au mu bomba lenye kuvuja. Huo ni ugonjwa mwingine, na gari haipashwi kutoka parking.
- ABS inayofanya kazi. Magari fulani iko na ABS. Mu matope au ku changarawe, shoferi akikanyaga kwa nguvu, pedali inatetema haraka sana na sauti ya *krrr* inasikika. Hapo mashine inazuia magurudumu yasifunge. Haiko ugonjwa. Inakuwa ugonjwa kama inafanya vile ku goudron kavu, mwishoni kabisa wakati gari iko karibu kusimama: mara nyingi kapteri ya ABS ku gurudumu moja imechafuka au imeharibika.
- Kutetema bila kukanyaga freni. Kama gari inatetema hata wakati muguu hauko ku pedali, wa kuangalia kwanza ni mipira, janti, rotili na rulema.

Joto: adui wa kwanza mu milima

Kusimamisha gari ni kugeuza mwendo kuwa joto. Ziwa Kivu iko ku metre 1 460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika iko karibu ku metre 770. Gari inayotoka Bukavu kwenda Uvira inashuka basi karibu metre 690, bila kuhesabu vilima inavyopanda na kushuka katikati. Kwa minibisi yenye kupima tani 2 pamoja na watu na mizigo, nguvu ya mushuko huo inatosha kuchemusha litre 40 za maji baridi: bidon mbili za manjano zenye kujaa. Sehemu moja ya nguvu hiyo inabebwa na motere na upepo. Inayobaki inaingia mu diski na tamburi. Shoferi anayeshuka akiwa mu vitesi ya juu, muguu juu ya freni muda wote, anazilazimisha zibebe karibu yote.

Ni vile vile ku mushuko wa Kabasha, kati ya Kanyabayonga na bonde la Rwindi, na ku vilima vyote ambako barabara inakatwa mu ukingo wa mulima.

Diski yenye moto sana inaharibika kwa njia kadhaa:

1. Unene unakuwa tofauti. Mafundi wengi wanasema «diski imepinda». Kweli inaweza kupinda, lakini mara nyingi zaidi diski haikupinda: imekuwa nyembamba mahali fulani na nene mahali pengine. Tofauti ya milimetre 0,02, ndogo kuliko unene wa unywele wa mutu, inaweza kusikika ku muguu.
2. Plaketi zinaacha alama. Gari ikisimama baada ya mushuko murefu na shoferi akaendelea kukanyaga pedali kwa nguvu, plaketi zenye moto zinashikamana na diski mahali pamoja. Kipande kidogo cha plaketi kinabaki pale. Tangu hapo, kila muzunguko kinapita chini ya plaketi.
3. Maji baridi ku chuma cha moto. Shoferi anafika na kuanza kuosha gari papo hapo, au anaingia mu dimbwi baada ya kushuka. Upande mumoja unapoa ghafula, mwingine unabaki na moto. Chuma kinaweza kupinda au kupasuka nyufa ndogo.

Tamburi nazo ziko na tabia yao. Gari ikifika na tamburi za moto, kisha shoferi akavuta freni ya mukono kwa nguvu zote, garnitiri zinasukuma ukuta wa tamburi pande mbili wakati inapoa. Inaweza kutoka mu umbo la mviringo na kuwa kama yai. Kesho yake pedali inapiga.

Sababu zisizotoka mu joto

Kuna ugonjwa unaotoka mu garaje yenyewe, na ndio unaowaumiza wenye gari zaidi, kwa sababu unaonekana baada ya kulipa.

Wa kwanza ni kutu na uchafu kati ya diski na kitovu cha gurudumu. Diski inakaa juu ya kitovu kama sahani juu ya meza. Kama kuna kipande cha kutu au jiwe dogo chini, sahani inakaa upande. Diski mupya kabisa ikiwekwa juu ya kitovu kichafu inazunguka ikiyumba. Siku za kwanza hakuna anayesikia kitu, kwa sababu unene bado ni sawa. Lakini kila muzunguko diski inagusa plaketi mahali pamoja na kuliwa kidogo pale. Baada ya kilometre elfu kadhaa, unene umekuwa tofauti na pedali inaanza kupiga. Mwenye gari anasema piyese ilikuwa ya bandia. Wakati fulani ni kweli, lakini mara nyingi kosa lilikuwa kukosa dakika kumi za brosi.

Wa pili ni buloni za gurudumu zilizokazwa vibaya. Barabarani, mupira ukitoboka, buloni moja inakazwa na mutu anayeruka juu ya kle, nyingine inakazwa kwa mukono tu. Diski inavutwa zaidi upande mumoja na kupinda kidogo.

Wa tatu ni etriye isiyoteleza. Etriye inapashwa kuteleza ku vishikizo vyake viwili. Vumbi na matope vikikausha grisi, plaketi moja inabaki inakwaruza diski hata kama muguu umetoka ku pedali. Diski inapata moto muda wote na inaliwa bila usawa.

Wa ine ni rulema yenye kulegea. Gurudumu ikicheza, diski inacheza pamoja nayo na kusukuma plaketi mbali. Alama yake ni hii: mukanyago wa kwanza unashuka chini kuliko kawaida, wa pili unakuwa juu.

Jaribio la barabarani: mbele ao nyuma?

Jaribio hili linafanywa bila abiria, mchana, ku barabara kavu, yenye kunyooka na isiyo na watu. Haifanywi ku mushuko. Mbele ya kutoka, shoferi anaangalia kama mafuta ya freni yako kati ya alama mbili za bokali, kama buloni zote ziko na zimekazwa, na kama mipira haina uvimbe.

1. Anapeleka gari mpaka kilometre 50 ao 60 kwa saa, anakanyaga freni polepole, na kuendelea kukanyaga sawa sawa mpaka kusimama. Anasikiliza mahali pa kutetema. Kama volani inatetema ku mikono, ubaya uko zaidi mbele. Kama volani imetulia lakini kiti na sakafu vinatetema, ubaya uko zaidi nyuma.
2. Anarudilia ku kilometre 30 kwa saa. Pigo linalofuata mwendo wa gurudumu linatoka ku diski ao tamburi. Tetemo la haraka lisilopunguka pamoja na mwendo, na lenye sauti, linatoka ku ABS.
3. Kisha anajaribu freni ya mukono, ambayo mu minibisi hizi inashika tamburi za nyuma peke yake. Ku kilometre 20 ao 30 kwa saa, anaivuta polepole sana huku akishika kile kinachoifungua, ili aweze kuiachilia mara moja. Kama gari inasimama kwa kuruka-ruka, tamburi moja ya nyuma ao zote mbili haziko tena mviringo. Kama inasimama laini, nyuma iko salama na wa kutafutwa yuko mbele. Mutu asiyezoea asifanye jaribio hili. Freni ya mukono ikivutwa ghafula inafunga magurudumu ya nyuma na gari inageuka.
4. Mwisho, anatembea karibu kilometre 10 bila kukanyaga sana freni, anasimama, anapitisha mukono karibu ya kila janti bila kuigusa. Magurudumu mawili ya mbele yanapashwa kuwa na joto moja. Ile yenye moto kuliko mwenzake inakwaruza: etriye yake haiachilie.

Baada ya hatua hizo ine, shoferi hasemi tena «freni iko mbaya». Anaweza kumuambia mekanisiye: «Ni mbele, upande wa kushoto, na inapata moto.» Neno hilo moja linapunguza kazi nusu.

Jaribio la garaje: chini ya gurudumu

Gari inainuliwa ku mahali pa sawa, na mawe ao kale zinawekwa ku magurudumu yanayobaki chini. Kriki peke yake haitoshi: chini ya shasi kunawekwa kigogo kigumu ao shandeli ya chuma mbele mutu hajaingiza mukono.

Rulema kwanza. Mekanisiye anashika mupira juu na chini, anausukuma na kuuvuta. Ukicheza, musaidizi anakanyaga freni. Kama mchezo unapotea, rulema imelegea. Kama unabaki, ni rotili. Mu modeli fulani za zamani rulema za mbele ni za koni na zinaweza kurekebishwa kwa kukaza ekru yao kadiri inavyofaa. Hapo dawa inaweza kuwa ya bure.

Kuzungusha kwa mukono. Gurudumu ikizunguka huru kisha ikakamata kidogo mahali pamoja kila muzunguko, diski inayumba. Ikikamata muda wote, etriye imeshika.

Kutazama diski. Gurudumu inatolewa. Alama za buluu zinaonyesha joto kali. Nyufa zinazofika ku ukingo zinasema diski imekufa, hakuna cha kurekebisha. Doa jeusi lenye umbo la plaketi linaonyesha plaketi ilishikamana pale.

Kupima unene. Kwa kipimo cha mikrometre, mekanisiye anapima mahali 8 kuzunguka diski, kila mahali karibu sentimetre moja toka ukingo. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya milimetre 0,02, sababu ya pigo imepatikana. Kipimo cha kuteleza cha kawaida hakioni tofauti ndogo hivi, lakini kinatosha kujua jambo lingine: unene wa mwisho unaokubaliwa. Ku diski nyingi umeandikwa ku chuma, karibu na maneno «MIN TH». Diski iliyo chini ya namba hiyo haipashwi kurudi barabarani.

Kupima kuyumba. Diski inafungwa ku kitovu kwa buloni zake zote, hata bila janti, kisha komparateri yenye sindano inasimamishwa kando na diski inazungushwa polepole. Watengenezaji wengi wanakubali kuyumba kwa milimetre 0,05 mpaka 0,10 tu. Pasipo komparateri, waya mugumu unafungwa ku shikio la etriye, ncha yake karibu ya kugusa diski, na nafasi inapimwa kwa zile kale nyembamba za kurekebisha supapi. Njia hii inaonyesha ubaya mukubwa tu.

Ikiwa diski inayumba na inaweza kutoka peke yake ku kitovu, haitupwi bado. Mekanisiye anaweka alama ya chaki ku diski na ku kitovu mahali pa kuyumba zaidi, anatoa diski, anasafisha, anairudisha kwa kuisogeza buloni moja, na kupima tena. Mahali pa kuyumba pakihama pamoja na alama ya diski, diski ndiyo mbaya. Pakibaki ku alama ya kitovu, kitovu ndicho kimepinda, na mwenye gari angenunua diski tano bila kupona. Kuyumba kukipotea kabisa, ilikuwa uchafu.

Tamburi. Inapimwa ndani, pande mbili zenye kukatana kama musalaba. Vipimo viwili visipolingana, tamburi imekuwa yai. Upana wa mwisho unaokubaliwa nao mara nyingi umeandikwa juu yake. Vumbi lililo ndani halipulizwi kwa mudomo wala kwa kompreseri: garnitiri za zamani zinaweza kuwa na amianti, inayoharibu mapafu baada ya miaka mingi. Linapanguswa kwa kitambaa chenye maji.

Alama na ugonjwa wake kwa ufupi

- Volani inatetema, pigo linafuata mwendo: diski ya mbele.
- Kiti kinatetema, freni ya mukono nayo inaruka-ruka: tamburi za nyuma.
- Pigo lilianza baada ya kubadilisha mupira: buloni.
- Pigo lilirudi kilometre elfu kadhaa baada ya diski mupya: kitovu kichafu ao chenye kupinda.
- Gurudumu moja ina moto na harufu ya kuungua, gari inavuta upande: etriye imeshika.
- Mukanyago wa kwanza chini, wa pili juu, na gurudumu inacheza: rulema.
- Gari ilikaa wiki nyingi mu mvua bila kutembea, inapiga siku ya kwanza kisha inatulia: kutu ya juu-juu ku diski, inatoka yenyewe.

Kutengeneza bila kurudia

Kama ni buloni, dawa ni kulegeza zote na kukaza upya, gurudumu ikiwa hewani kwanza, kwa mufano wa nyota: moja, kisha ile inayoielekea, siyo kuzunguka. Toyota nyingi za aina hii zinaomba nguvu ya karibu niutoni-metre 100. Wachache ndio wako na kle yenye kipimo, lakini kuna hesabu rahisi: bidon ya litre 20 yenye kujaa maji, ikitundikwa ku mwisho wa kle yenye urefu wa sentimetre 50 iliyolala sawa, inatoa karibu nguvu hiyo. Mutu anayesukuma kwa mikono akikumbuka uzito wa bidon moja anakaza vizuri. Anayesimama juu ya bomba la metre moja anaharibu buloni na diski. Baada ya kilometre 50 ao 100, buloni zinaangaliwa tena.

Kama ni kitovu kichafu, brosi ya chuma na papye-vere mpaka chuma king'ae, pande zote mbili zinapokutana.

Kama ni etriye, vishikizo vinatolewa, vinasafishwa na kuwekwa grisi ya freni inayovumilia joto. Grisi ya kawaida inayeyuka na kufika ku plaketi. Mafuta ya motere hayaingii mahali popote mu freni: yanavimbisha mipira ya ndani na freni yote inaharibika.

Kama ni unene wa diski na bado ni nene ya kutosha, turneri mwenye mashine nzuri anaweza kuisawazisha. Sharti ni mbili: baada ya kukatwa ibaki juu ya namba ya mwisho, na ya upande wa pili ikatwe vilevile. Tamburi pia zinaweza kukatwa kwa sharti hilo. Plaketi za zamani zilizofuata umbo la diski mbaya hazirudishwi juu ya diski iliyosawazishwa. Huko ndiko plaketi mupya zina kazi. Zinabadilishwa kushoto na kulia siku moja, kwa sababu gari yenye kukamata zaidi upande mumoja inageuka wakati wa freni kali.

Kisha zinazoeshwa: mikanyago kama 20 ya polepole, toka kilometre 50 mpaka 10 kwa saa, na nafasi ya kupoa kati ya moja na nyingine, bila kufunga magurudumu na bila abiria.

Kuna «dawa» moja ya kukataliwa kabisa: kuziba bomba la freni la gurudumu moja kwa musumari ao kwa kulipiga nyundo, ili pedali inyamaze. Pedali inanyamaza kweli. Gari inabaki na freni tatu, na siku ya freni kali inageuka kuelekea upande ulio mzima. Ku barabara zenye bonde upande mumoja, hiyo ni hukumu ya watu wote walio ndani.

Wakati wa kusimamisha gari

Pedali inayopiga kidogo inaruhusu kufika garaje polepole, bila abiria. Lakini gari inasimama papo hapo kama buloni moja imelegea ao imekatika, gurudumu inacheza, pedali inashuka mpaka chini, mafuta ya freni yanavuja, gurudumu inatoa moshi, ao sauti ya chuma juu ya chuma inasikika.

Mafuta ya freni nayo hayavumilii kila kitu. DOT 3 mupya inachemka ku digri 205, lakini inavuta maji ya hewa, na ikizeeka inaweza kuchemka ku digri 140. Diski inayokwaruza ku mushuko murefu inaweza kuyafikisha hapo. Mvuke ukiingia mu bomba, pedali inaanguka bila kukamata. Ndiyo maana pigo dogo linaloachwa miezi linaweza kumalizika kwa gari isiyo na freni.

Ku mushuko, shoferi mwenye kuheshimu freni zake anashuka mu vitesi ya pili ao ya tatu, anaacha motere ishike gari, anakanyaga kwa nguvu kidogo kisha anaachilia ili chuma kipumue. Akifika chini anatembea polepole kilometre moja ao mbili mbele ya kusimama. Maji ya kuosha yanangoja magurudumu yapoe.

Mwenye gari naye ana sehemu yake. Shoferi anayejua kama siku moja ya garaje itahesabiwa juu yake ataficha pigo mpaka litakapokuwa ajali. Boss anayesamehe versema ya siku moja kwa kupima magurudumu ine analipa kidogo kuliko yule anayenunua plaketi kila mwezi. Na musafiri anayekaa mbele, akiona volani inatetema kila mara freni inapokamatwa, ana haki ya kuuliza: «Papa shoferi, ile freni waliipima lini?»